Nyongeza Moja Moja

Hati za Muungano za mwaka 1964 zilitaja mambo 11 tu ya Muungano. Leo Nyongeza ya Kwanza ya Katiba inataja 22: mafuta na gesi asilia yaliongezwa mwaka 1968, uandikishaji wa vyama vya siasa mwaka 1992. Haba na haba hujaza kibaba; wala wananchi hawakuulizwa kwa kura ya maoni. Ibara ya 98 yadai theluthi mbili ya wabunge wa Bara, na theluthi mbili ya wale wa Zanzibar. Hivyo mbunge wa Mbeya au Iringa anapounga mkono nyongeza, anagusa pia madaraka ya Zanzibar. Viongozi wa jumuiya, someni muswada kabla haujawa sheria, mkamwulize mbunge wenu: nani anaongezewa madaraka, na nani anapunguziwa?