KOMBE LA KURA HALIJENGI CHAMA CHA MPIRA



Wapo watu wanaotuonya kwamba gazeti la chama cha siasa lisiuguse mpira. Mpira, wasema, ni burudani ya vijana saa za alasiri, na siasa ni shughuli ya watu wazima. Viwili hivi visichanganywe. Maneno hayo ni matamu masikioni. Lakini tukitazama ni nani ayasemaye kwa sauti kubwa zaidi, tunamkuta ni yule yule ambaye chama chake kinashika viwanja, ambaye picha yake imo vifuani mwa jezi, na ambaye mkono wake hutoa kombe kila uchaguzi unapokaribia. Huyo hakatazi siasa isiingie mpirani. Anakataza siasa ya wengine.

Basi leo tunauguse mpira, na tunasema jambo moja tu. Chama cha mpira cha mkoa hakiwi chama kwa kuwa na ofisi mjini, mhuri na mwenyekiti. Huwa chama pale ambapo kilabu kilicho mbali nacho kuliko vyote kinacheza, kinasikilizwa na kinahesabiwa. Kisipofika huko, hicho ni chama cha mji kilichovaa jina la mkoa.

Tuchukue mfano wa Nalasi. Nalasi iko katika wilaya ya Tunduru, mkoa wa Ruvuma, upande wa kusini unaoelekea mto Ruvuma na nchi ya Msumbiji. Ni nchi ya mikorosho. Kutoka Tunduru mjini hadi Songea, makao makuu ya mkoa, ni zaidi ya kilomita 260, na mtu wa Nalasi sharti kwanza afike Tunduru ndipo aianze safari hiyo. Mwenzetu wa visiwani asidhani kwamba mkoa ni kama mikoa yetu. Unguja na Pemba, zikiwekwa pamoja, zingeingia ndani ya mkoa wa Ruvuma zaidi ya mara ishirini, na nafasi ikabaki.

Karatasini njia ya timu ya Nalasi ni nyoofu. Itacheza ligi ya wilaya, ambayo ni daraja la nne. Ikishinda itaingia ligi ya mkoa, ambayo ni daraja la tatu. Bingwa wa mkoa atakutana na mabingwa wa mikoa mingine, na kutoka hapo itapanda madaraja ya taifa mpaka Ligi Kuu. Ngazi imesimama, vipago vyote vipo. Lakini ardhini kipago cha pili kiko kilomita 260 kutoka kipago cha kwanza. Vijana wanaolima na kupulizia mikorosho, wachezao mpira wa ridhaa bila mshahara wala posho, watakodi gari gani la kuwapeleka na kuwarudisha, na kwa fedha za nani? Timu inayoshindwa kusafiri hupoteza pointi mezani. Ikipoteza mara mbili tatu, huvunjika moyo na kurudi kucheza mechi za kirafiki chini ya miembe. Khalafu waheshimiwa huandika ripoti kwamba vijijini hakuna vipaji.

Hapo ndipo anapotokea mheshimiwa na kombe lake. Tunalijua kombe hilo, Bara na visiwani. Huitwa kwa jina la mbunge, au la diwani, au la mtu anayetamani kuwa mmoja wao. Huja na mipira miwili, jezi seti moja au mbili, na mbuzi wa zawadi. Huchezwa majuma machache, fainali hufuatwa na hotuba, na hotuba hufuatwa na kura. Uchaguzi ukipita, mipira imepasuka, jezi zimechanika, mbuzi ameliwa. Hakuna mwamuzi aliyefunzwa, hakuna kiwanja kilichosawazishwa, hakuna daftari la wachezaji, hakuna ratiba ya mwaka ujao. Vijana hungoja miaka mitano mingine.

Jambo hili si geni. Wakati wa ukoloni, kuanzia mwaka 1926, timu za nchi za Afrika ya Mashariki zilishindania Kombe la Gossage, lililotolewa na mtengenezaji wa sabuni wa Kiingereza. Kenya na Uganda zilianza, Tanganyika ikaingia mwaka 1945, na Zanzibar mwaka 1949. Mwenye sabuni alitaka sabuni yake inunuliwe, na hatumlaumu sana, kwa kuwa hakujidai kuwa mkombozi wetu. Huyu wa leo anatupa kombe ili tumnunue yeye, khalafu anataka tumshukuru. Kombe la sabuni limekwenda zake, limekuja kombe la kura.

Tuje kwenye viwanja. Uwanja mkubwa wa Songea ni uwanja wa Majimaji, wenye jina la vita vya mashujaa wa mwaka 1905 hadi 1907. Uwanja huo, kama ulivyo Kirumba wa Mwanza, Sokoine wa Mbeya, Kambarage wa Shinyanga, Mkwakwani wa Tanga na Sheikh Amri Abeid wa Arusha, umebaki mikononi mwa CCM. Katika zama za chama kimoja ilisemwa kwamba chama ni cha wote. Wananchi walichanga na walijitolea, kwa kuwa hapakuwa na chama kingine cha kuchangia. Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Siku hiyo mali ya wote ikageuka kuwa mali ya baadhi, na waliochanga hawakuulizwa. Baba aliyechangia uwanja na mwanawe akajiunga na chama kingine, mwanawe huyo leo ni mpangaji katika jasho la baba yake.

Chama cha mpira cha mkoa kinachocheza katika uwanja wa chama cha siasa kitakuaje? Mapato ya mlangoni hukatwa pango kabla hayajamfikia mwenye kucheza. Mwenye uwanja akiwa na mkutano wake, mechi husogezwa. Nyasi zikifa, chama cha mpira hakina mamlaka ya kuzipanda, na mwenye uwanja hana haraka. Mtu hawezi kuijenga nyumba ambayo hati yake imo kabatini kwa mwengine.

Na isisemwe kwamba Songea haina mpira. Majimaji ya Songea ilitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1985, ikautetea mwaka 1986, ikautwaa tena mwaka 1998. Katika ligi hiyo hiyo Malindi ya Unguja ilikuwa bingwa mwaka 1989 na 1992. Timu mbili zilizokuwa mbali na Kariakoo ziliwapita wakubwa wa Dar es Salaam. Ziko wapi khabari hizo leo? Majimaji ilirudi Ligi Kuu mwaka 2015, na mwaka 2018 ikateremka. Mti mkubwa usipopata maji kutoka mizizini hukauka kileleni kwanza. Mizizi ya Majimaji ni Nalasi, ni Namtumbo, ni Mbinga, ni Nyasa. Huko hakukumwagiliwa maji, kulipelekwa makombe.

Tunajua jibu la wenye ofisi: hatuna fedha. Tunakubali kwamba fedha ni chache. Lakini ufukara wa fedha ni kitu kimoja, na ufukara wa hesabu ni kitu kingine. Wakulima wa korosho wa Tunduru hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wana vyama vyao vya msingi na chama chao kikuu cha ushirika; wanaijua mizani, wanaijua stakabadhi, na wanayajua makato. Wanajua pia kwamba mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vya ushirika kwa amri, na kwamba haikuwa ila mwaka 1982 ndipo sheria ilipovirejesha, baada ya hasara kuonekana. Mkulima huyo akiingia katika mkutano wa mpira na kuuliza ada ya kilabu chake imekwenda wapi, asijibiwe kwamba mpira hauna mambo ya mahesabu. Chama kisicho na daftari huliwa, kiwe cha korosho au cha mpira.

Na upo ubaya mwengine uliofichika katika ngazi za uchaguzi. Kilabu cha kijiji hakifiki kwenye mkutano mkuu wa TFF. Wa kijijini husemewa na mtu wa wilaya, wa wilaya husemewa na mtu wa mkoa, na wa mkoa ndiye anayeingia ukumbini. Kila kipago sauti hupungua, na kila kipago bei ya kura hupanda. Mgombea mwenye akili hana haja ya kuvifikia vilabu vya Nalasi. Anahitaji kuwafikia watu wachache katika hoteli moja. Ndipo mpira wa mkoa unapokuwa daraja la mtu kupandia, na akishapanda daraja huachwa lioze.

Sasa tuseme lifanywe nini, maana kulaumu bila kuelekeza ni nusu ya kazi.

Kwanza, ligi ya mkoa ichezwe kwa kanda. Tunduru na Namtumbo wamalizane kwao, Mbinga na Nyasa kwao, na Songea kwao, khalafu washindi wachache ndio wasafiri. Sisi wa visiwani tumewahi kuicheza Ligi Kuu yetu kwa kanda mbili, ya Unguja na ya Pemba, kisha timu bora zikakutana. Haikuwa kamili, lakini ilipunguza nauli.

Pili, ratiba ifuate jembe na mvua. Katika Ruvuma mvua hunyesha tangu mwishoni mwa mwaka mpaka Aprili, na barabara za udongo huwa tope. Korosho nazo zina miezi yake ya kuokotwa na kuuzwa. Ratiba inayopangwa na mtu asiyejua mwezi wa mavuno ni ratiba ya kuwaua wanyonge mezani.

Tatu, waamuzi na walimu wafunzwe katika kata zao. Refa anayetoka mbali hula nauli inayoweza kununua mipira, na asipofika mechi hufutwa. Mwalimu wa skuli aliyefunzwa sheria za mchezo atahukumu mechi za wasichana na za wavulana miaka ishirini.

Nne, hesabu zisomwe hadharani kila mwaka mbele ya vilabu vyote, na karatasi yake ibandikwe penye ofisi ya kila kata. Fedha ya FIFA inayokuja kupitia TFF, ada, faini na mapato ya mlangoni, vyote viandikwe.

Tano, viwanja vilivyojengwa kwa jasho la umma vikabidhiwe halmashauri za wilaya na miji, na vyama vya mpira vipewe sauti katika kamati za kuviendesha. Hili hatuliombi kama sadaka. Tunalidai.

Wanachama wetu wa visiwani watauliza: Nalasi inatuhusu nini sisi? Inatuhusu kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba aliye Micheweni anaujua umbali wa ofisi kuliko anavyoujua mtu wa Songea. Na hapa kwetu dola imeubeba mpira mzima mzima. Tazameni ubingwa wa Zanzibar tangu 2013 hadi 2023: KMKM, Mafunzo, Zimamoto, JKU, kisha KMKM tena na tena. Mlandege mwaka 2020 ndiyo iliyopenya. Hatuwachukii vijana wa vikosi. Ni watoto wetu na wanacheza vizuri. Lakini mchezaji anayelipwa na Serikali anapokutana na fundi seremala anayefanya mazoezi baada ya kazi, hayo si mashindano ya vilabu. Vilabu vya mitaa, vilivyokuwa fahari ya Ng'ambo na ya Mji Mkongwe, vinabaki kuomba.

Ya pili ni ya haki. Mwezi wa Machi 2017 CAF iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili, tukashangilia barabarani. Mwezi wa Julai mwaka huo huo ikatufuta. Mwezi wa Disemba vijana wetu wakafika fainali ya Chalenji huko Machakos, wakashindwa na Kenya kwa penalti tu, wakaonyesha kwamba waliofutwa ni watu wanaojua mpira. Tumesema tangu hapo, na tutaendelea kusema, kwamba Zanzibar isisemewe na mwengine. Basi anayedai kusikilizwa Cairo na Zürich hawezi kukaa kimya pale kijiji kinaponyimwa kusikilizwa Songea. Wala hawezi kukaa kimya pale Pemba inaponyimwa kusikilizwa Unguja. Haki ikiwa ni yetu peke yetu, haiwi haki tena, huwa upendeleo tuliochelewa kuupata.

Kwa hivyo, ndugu wanachama, akija mtu na kombe, pokeeni mipira. Mipira haina kosa. Kisha mumuulize mambo matatu mbele ya watu. Kiwanja hiki ni mali ya nani? Daftari la fedha liko wapi? Na mwaka ujao, usipokuwa na uchaguzi, ligi itachezwa na nani? Akijibu vyema, apewe heshima yake. Akianza kututangazia kwamba mpira hauna siasa, mjue mmempata mwenye nayo.

Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Kijana wa Nalasi hajatunzwa kwao, wala wa Micheweni. Siku watakapotunzwa wawili hao, ndipo tutakapojua kwamba nchi hii ina vyama vya mpira.

UMMA NDIO WENYE KIWANJA.