Simbu alisubiri miaka minane. Nani alikuwa anamlisha?

Wadau, Septemba 15, 2025 niliamka nikakuta stetasi zote ni Alphonce Simbu. Kashinda marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo kwa saa 2:09:48, na Mjerumani Amanal Petros kapewa muda huohuo. Ikabidi waangalie picha ya mstarini, tofauti sekunde 0.03! Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo.

Kufika mchana kila ukurasa wa biashara umeshageuza somo: "Umeona? Pambana, usikate tamaa." Mimi hilo somo naliona nusu.

Ni kweli jamaa kasubiri. Rio 2016 alikuwa wa tano. London 2017 akachukua shaba ya dunia, tukamshangilia, halafu tukamsahau. Olimpiki ya Tokyo wa saba, Paris 2024 wa 17. Hapo wengi wetu tungeshafuta akaunti. Lakini Simbu ni mwanajeshi wa JWTZ, mtu mwenye ajira. Miaka yote hiyo ambayo medali ya dunia wala ya Olimpiki haikuja, hakuwa anategemea medali ili ale.

Sisi je? 2022 niliacha kazi ya dukani kwa sababu ya maneno kama hayo ya "pambana". Nikaingiza 600,000 yangu yote kwenye mikoba ya kike, nauza mtandaoni. Oda zilikuwa zinakuja, sidanganyi. Ila kodi ya chumba ilitoka kwenye mikoba, ada ya mtoto kwenye mikoba, bando kwenye mikoba. Mwezi wa tano nataka kuagiza mzigo mwingine, nina 85,000. Faida niliyokuwa najisifia kumbe ilikuwa mtaji natafuna taratibu, na kwa vile simu ilikuwa inaita kila siku sikushtuka. Aibu niliyoipata kurudi kuomba kazi naijua mwenyewe.

Kwa hiyo mtu akiniuliza inbox, "dada, niache kazi nijikite kwenye biashara?", namuuliza kwanza: mwezi ambao hujauza kitu, nani analipa kodi? Kama jibu ni "mzigo", usiache. Kaa hapohapo, uza jioni.

Kingine, kabla sijasahau. Aprili mwaka huohuo Simbu alikimbia Boston saa 2:05:04 akawa wa pili. Tokyo kakimbia zaidi ya dakika nne taratibu kuliko hapo, akapata dhahabu. Tokyo kulikuwa na joto, halafu mbio za ubingwa watu wanaviziana mpaka mwisho. Sasa wewe uko Sumbawanga, mzigo wako unasafiri na basi, mteja anataka kushika kitambaa kwanza ndipo alipe, halafu unanitumia screenshot ya mauzo ya mtu wa Kariakoo unaniuliza unakosea wapi. Linganisha mwezi wako huu na mwezi wako uliopita, basi. Na daftari liwe moja la mtaji, jingine la matumizi ya nyumbani. Mimi nilikuwa sina hata moja.

Mikoba mipya imeingia juzi, rangi ya kahawia imebaki minne. Dukani kwa watu bado naenda mpaka saa nane mchana, kwa hiyo ukinitumia meseji asubuhi nikachelewa kujibu, ndiyo sababu.