SAA HIYO NI SAA YA NANI?

Wapo vijana wengi wa Afrika Mashariki ambao siku hizi hupata riziki kwa kutengeneza programu za kompyuta, na waajiri wa baadhi yao wako ng'ambo. Kazi hiyo haina king'ora cha kiwandani. Ina siku moja na saa moja ambayo toleo jipya lazima liwe limekwisha kukabidhiwa. Ikipita, malipo yaweza kupunguzwa, au kazi ikapewa mwingine. Kwa hiyo kuiandika saa hiyo ovyo si jambo dogo. Ni jambo la ujira.

Nayo huandikwa ovyo. Tuseme hati yasema "Ijumaa, saa 11:00" bila neno jingine. Aliyeiandika alikusudia saa ya dunia iitwayo UTC. Kijana wa Tanga, aliyefundishwa na mama yake kuhesabu saa tangu kupambazuka, aelewa saa kumi na moja jioni. Kumbe muda ulikwisha saa nane mchana! Amechelewa saa tatu nzima, naye angali akijiona amewahi.

Mwajiri wa California naye huandika "kwa saa za kwetu". Saa kumi na moja jioni ya Ijumaa kwake, ikiwa ni Julai, kwetu ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi; ikiwa ni Januari, ni saa kumi. Sisi hatukugusa saa zetu. Wao ndio huzisogeza mbele mwezi wa Machi na kuzirudisha Novemba. Na akiandika "saa sita usiku, Ijumaa", je, ni usiku unaoifungua Ijumaa au unaoifunga? Wazee wa pwani, ambao siku yao huanza magharibi, watamjibu kwamba usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi.

Wapo watakaosema dawa ni kuiacha saa ya Kiswahili. Hatukubali. Hesabu hiyo yatufaa sisi tulio karibu na ikweta, ambako jua halibadili sana desturi yake mwaka mzima. Wala hatugombani na Greenwich, ingawa katika mkutano wa Washington wa 1884 ulioichagua, nchi ya Kiafrika iliyohudhuria ilikuwa Liberia peke yake. Kipimo kimoja kinachojulikana na wote humlinda mnyonge, kwa kuwa mwenye nguvu ndiye apataye nafasi ya kueleza baadaye alikusudia nini.

Lawama twaiweka kwa mwandika mkataba. Kanuni ya ISO 8601 ipo tangu 1988: mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na saa kwa hesabu ya 24. Wataalamu wa kompyuta, katika kupokea makala za mikutano yao, wana desturi ya huruma zaidi: siku haihesabiwi kwisha mpaka iishe mahali pa mwisho kabisa duniani, saa 12 nyuma ya UTC. Kwetu huwa imekwisha kuwa saa tisa alasiri ya kesho yake.

Basi mfanyakazi asitie sahihi mpaka auone mstari kama huu: "Ijumaa, 2025-07-04, 14:00 UTC", na chini yake, hata kwa mkono wake mwenyewe, "saa kumi na moja jioni, Dar es Salaam". Mwajiri akikataa kuuandika, aulizwe sababu.