Chungu Kimoja

Wazee wetu wa Unyamwezi waliochukua mizigo toka Tabora hata pwani ya Bagamoyo walikwenda msafara mmoja, pengine mamia ya watu. Lakini jioni waligawanyika makundi madogo, kila kundi na chungu chake. Mtu akikosekana chunguni, wenziwe ndio waliojua kwanza.

Kanisa nalo ni msafara. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976, walikaza neno la kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ili majirani wasome Injili pamoja na kusaidiana.

Nasi twakiri kosa letu. Mjane mmoja alilala mgonjwa siku saba. Jumapili tulitazama kanisa limejaa, tukafurahi, tusijue kwamba hayupo. Wenziwe wa jumuiya, nyumba chache tu, ndio waliomtekea maji na kumpikia uji.

Basi, msiende jumuiyani kuhesabu fedha tu, wala kusengenya. Hesabuni watu kwanza. Jioni ya leo, ni nani aliyekosekana chunguni kwenu?