Punda Mzee na Dawa ya Maumivu

Ndugu msomaji, mwangalie punda wako anapotoka zizini asubuhi. Kama ni mzee, huenda utaona jambo. Hatua zake za kwanza ni fupi. Miguu ni migumu. Anachechemea kidogo. Goti moja limevimba, na ukiligusa unasikia joto. Akishatembea kwa muda, miguu hulainika naye huenda vizuri zaidi. Kesho asubuhi mambo ni yale yale.

Huo si uvivu. Ni ugonjwa wa viungo, ambao wengi wetu twauita baridi yabisi. Wazee wetu wanaujua vizuri. Punda naye huupata, na farasi pia.

Ugonjwa huu una dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu. Iko ya sindano, iko ya vidonge, iko ya unga. Punda akipewa jioni, asubuhi aweza kutembea kama kijana. Mwenye punda anafurahi. Mimi sina ugomvi na dawa hiyo. Punda aliyekuchotea maji miaka 10 anastahili kutulizwa maumivu. Ugomvi wangu ni juu ya jambo linalofuata. Punda akiacha kuchechemea, siku ile ile anabebeshwa madumu manne ya maji. Nasema kufanya hivyo ni vibaya, na hasara yake humrudia mwenye punda mwenyewe. Nitaeleza sababu zangu, nawe uzipime.

Kwanza tuelewe kiungo kilivyo. Ukila nyama ya mbuzi, tazama ncha ya mfupa. Imefunikwa na kitu cheupe, laini, kinachong'aa. Hilo ni gegedu. Mifupa miwili inapokutana, gegedu hukutana na gegedu. Katikati kuna ute unaoteleza, kama mafuta kwenye ekseli ya mkokoteni. Punda akibeba mizigo mizito kwa miaka mingi, gegedu hulika. Akianza kazi akiwa mtoto, kabla mifupa haijakomaa, hulika mapema zaidi. Mifupa ya punda huchukua kama miaka minne kukomaa, lakini sisi twaanza kumpakia akiwa na miaka miwili. Gegedu likilika sana, mfupa husugua mfupa. Ndipo kiungo kinavimba na kuuma.

Sasa, dawa inafanya nini? Mahali penye madhara, mwili hutengeneza vitu vinavyoleta uvimbe, joto na maumivu. Dawa huuzuia mwili usivitengeneze kwa wingi. Uvimbe unapungua, na maumivu yanapungua. Lakini gegedu lililolika liko vile vile. Hakuna jipya lililoota.

Maumivu yalikuwa yakimwambia punda, "Usiukanyage sana mguu huu." Dawa imeinyamazisha sauti hiyo. Ukimpakia mzigo mzito siku hiyo ataubeba, maana hasikii. Na kiungo kinaendelea kulika bila yeye kujua. Ni kama mtu mwenye nyumba inayovuja. Anaziba masikio asisikie matone, halafu analala. Asubuhi kitanda kimelowa.

Tufanye hesabu kidogo. Dumu la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20. Madumu manne ni kilo 80. Punda wetu wengi wana uzito wa kilo 120 hadi 150 hivi. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wa punda. Theluthi ya kilo 120 ni kilo 40, yaani madumu mawili. Na huyo ni punda mwenye nguvu zake. Mzee mwenye viungo vibovu apakiwe pungufu ya hapo, na siku mguu umevimba asipakiwe kabisa, hata kama amepewa dawa. Nasisitiza: hata kama amepewa dawa.

Najua utanijibu. Utasema, "Mwalimu, kisima kiko mbali. Punda ninaye mmoja tu. Asipobeba yeye, nani atabeba?" Hilo ni neno la kweli, wala silipuuzi. Mama mmoja katika darasa letu alilisema vizuri kuliko wote. Alisema, "Punda akilala, kichwa changu ndicho punda." Darasa zima lilicheka, lakini akina mama hawakucheka sana.

Basi tuseme ukweli. Ukimpumzisha punda wako, mtu atachoka. Lakini ukimtia dawa na kumpakia, umenunua wiki chache tu. Mwisho wake goti linakaza, punda anaanguka njiani na madumu yake, na huyo mama anabaki na kichwa chake. Safari hii hatabeba kwa siku kumi. Atabeba mpaka mpate fedha za punda mwingine. Wewe unajua bei ya punda mnadani siku hizi. Mimi naona ni afadhali kuazima punda wa jirani leo, nawe umlipe kwa kazi nyingine. Majirani watatu wenye punda watatu wakipatana, mgonjwa mmoja aweza kupumzika bila nyumba kukosa maji.

Wala kupumzika si kufungwa kwenye mti kutwa nzima. Hapo wengi hukosea. Kiungo kibovu kisipotembea hukaza. Mwache punda mzee atembee taratibu akila majani. Uvimbe ukiisha, mpe kazi ndogo ya karibu, kama mzigo mdogo wa kuni. Weka matandiko manene mgongoni, mzigo usilale upande mmoja.

Kabla hujafikiria dawa, inua mguu utazame kwato. Jambo hili ni dogo kwa macho, lakini mimi naliweka mbele ya sindano. Kwato ikirefuka sana kama kiatu kilichopinda, mguu wote hukaa vibaya na viungo huvutwa kila hatua. Ikikatwa vizuri na mtu anayejua, punda wengine hupata nafuu kubwa. Tena huenda huyo anayechechemea hana baridi yabisi kabisa. Huenda ana jiwe au usaha ndani ya kwato. Ukimpa dawa ya maumivu, ataacha kuchechemea, na usaha utaendelea kupanda.

Sasa nije kwenye hatari ya dawa yenyewe. Vile vitu vinavyoleta uvimbe vina kazi nyingine nzuri mwilini. Vinalinda ngozi ya ndani ya tumbo, na vinasaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Dawa ikivizuia mguuni, inavizuia tumboni na kwenye figo pia. Kwa hiyo mnyama anayepewa dawa hizi nyingi, au kwa siku nyingi, aweza kupata vidonda vya tumbo na utumbo. Figo nazo zaweza kuharibika, hasa kama mnyama hakunywa maji ya kutosha.

Hapo, ndugu msomaji, tazama maisha ya punda wa Dodoma au Singida wakati wa kiangazi. Anabeba maji asubuhi, anabeba maji jioni, na yeye mwenyewe hanyweshwi mpaka watu na mbuzi watosheke. Punda huvumilia kiu, nasi tumeugeuza uvumilivu wake kuwa desturi. Kumpa dawa hii akiwa na kiu ni kuzitia figo zake hatarini. Kama huna maji ya kumpa, usimpe dawa.

Punda pia huvumilia maumivu. Farasi akiumwa huonyesha mapema. Punda husimama tu kimya. Anabaki nyuma ya wenzake, analala zaidi, anapunguza kula. Mara nyingi aendaye naye kisimani ni mama au mtoto, na wao ndio wanaojua ni lini alianza kubaki nyuma. Anayekwenda kununua dawa ni baba, naye hakuuliza. Baba, uliza kwanza nyumbani.

Na dawa usiinunue kwenye duka la dawa za watu. Najua watu wanasaga vidonge vya diklofenaki na kumpa punda katika pumba. Wanapima kwa macho. Mnyama si mtu mkubwa wa kuzidishiwa vidonge tu. Hata punda si farasi mdogo. Dawa kama fenilibutazoni na meloksikamu huondoka mwilini mwa punda upesi kuliko mwilini mwa farasi. Kwa hiyo kipimo cha farasi hakimfai punda siku zote. Dawa nyingine kwake haidumu hata saa chache, na mwenye mnyama akiona nguvu yake imekwisha, anaongeza juu yake. Au anachanganya na dawa ya aina nyingine, na dawa mbili za namna hii zikikutana, madhara tumboni huzidi. Anayeweza kupanga jambo hili ni daktari wa mifugo au Bwana Mifugo. (Siku hizi mara nyingi ni Bibi Mifugo, maana mabinti wengi wamesomea kazi hiyo, nao wanaifanya vizuri.)

Wewe una kazi yako, na kazi hiyo ni kusoma. Sasa unajua kusoma. Usikubali chupa isiyo na maandishi. Tafuta jina la dawa. Tafuta ni ya mnyama gani. Tafuta tarehe ya mwisho ya kutumika. Kisha chukua daftari lako la kisomo, uandike siku uliyompa, kiasi ulichompa, na jinsi alivyotembea kesho yake. Kama alikataa kula, andika, na umwite mtaalamu siku hiyo hiyo. Punda kukaa siku mbili bila kula ni hatari kubwa kwake.

Wako watakaosema kuwa haya yote ni mengi mno kwa punda. Ng'ombe anatibiwa kwa sababu ana maziwa na nyama. Punda ana nini? Kisha wanatukumbusha methali, kwamba shukrani ya punda ni mateke. Mimi huwauliza, na shukrani ya mwenye punda ni nini? Kule Lamu, katika pwani ya Kenya, mizigo imebebwa na punda kwa karne nyingi kwa sababu njia za mji ni nyembamba. Huko kilifunguliwa kituo cha kutibu punda mwaka 1987, na watu huwapeleka punda wao kama wapelekavyo watoto zahanati. Hawakuona aibu.

Itafika siku ambayo dawa haimsaidii tena. Analala na kushindwa kuinuka. Amekonda, vidonda vimetoka ubavuni. Siku hiyo watu wa kwetu wana desturi ambayo siipendi. Wanamfukuza porini, fisi wamalize kazi. Wengine wanamwuzia mfanyabiashara wa ngozi, ingawa mwezi Februari mwaka 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kukomesha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Mwite mtaalamu amuue kwa njia isiyo na mateso. Kwa maoni yangu hiyo ni sehemu ya matibabu, kama sindano ya kwanza ilivyokuwa.

Nyama yake isiliwe, wala mzoga usitupwe. Fenilibutazoni hairuhusiwi kwa mnyama wa kuliwa katika nchi nyingi, kwa sababu yaweza kuharibu mahali damu inapotengenezwa mwilini mwa mtu. Na diklofenaki ina kisa chake. Huko Bara Hindi, wafugaji waliwapa ng'ombe dawa hiyo. Ng'ombe wakifa, tumbusi walikula mizoga, na figo za ndege hao zikaharibika. Wakafa kwa mamilioni. Kwa aina tatu za tumbusi, zaidi ya 95 katika kila 100 walitoweka. Mwaka 2004 wataalamu waliofanya uchunguzi Pakistani walitangaza kuwa sababu ni diklofenaki. Mwaka 2006 India, Pakistani na Nepali zikapiga marufuku kuitengeneza kwa ajili ya mifugo. Sisi nasi tunao tumbusi, na ndio wanaotusafishia mizoga bila kudai malipo.

Kwa hiyo punda aliyekufa akiwa na dawa mwilini azikwe. Chimba shimo mbali na kisima na mbali na korongo la maji. Waombe vijana wa kitongoji wakusaidie, maana ni kazi ya jembe na ya siku nzima. Liwe refu kuliko kimo cha mtu, kisha weka mawe juu, fisi na mbwa wasifukue.