Nani analipia sauti ya kijana mtandaoni?

Leo sina picha ya ajali wala habari ya mastaa. Nataka tuongee jambo linalotuhusu sisi wenyewe, tunaokaa mbele ya hizi kompyuta za kulipia kwa saa, na wenzetu wanaosoma kwenye simu huku roho mkononi wakiangalia bando linavyoyeyuka. Swali langu ni fupi. Hivi kijana wa kawaida wa Kitanzania, kamaliza sekondari, ajira hana, mjomba serikalini hana, anaruhusiwa kuandika? Simaanishi kuandika kwenye daftari. Namaanisha kuandika kitu watu wakakisoma.

Najua kuna atakayenijibu haraka haraka, "si ndiyo unaandika hapa?" Sawa. Ngoja kwanza tuangalie tulikotoka, halafu mtaniambia.

Zamani ukitaka kusomwa na watu ulikuwa na njia moja, gazeti. Unaandika barua kwa mhariri, unaweka jina na sanduku la posta, unasubiri. Ikitoka imeshakatwa mkia na kichwa. Isipotoka hakuna anayekuambia kwa nini. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 akatokea Ndesanjo Macha na blogu yake ya Jikomboe, akiandika kwa Kiswahili wakati wengi wetu tuliamini kompyuta inaelewa Kiingereza tu. Mwaka 2005 Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti, akaanzisha ya kwake. Maggid Mjengwa naye akaingia, na wengine wengi. Mwaka 2006 ikaanza JamboForums, ambayo baadaye ikawa JamiiForums. Lugha yetu ikapata maneno mapya: blogu, wanablogu. Libeneke likawa linaendelezwa kila siku ya Mungu.

Kitu cha kuangalia hapo ni gharama. Kuanzisha blogu kulikuwa bure kabisa. Ulichohitaji ni hela ya saa moja ya kafe na kichwa chako. Mtandao wenyewe ulikuwa wa setilaiti, picha inafunguka kipande kipande kama pazia, lakini mlango ulikuwa wazi. Mwaka 2009 mkonga wa SEACOM ukafika pwani yetu, mwaka 2010 ukafuata wa EASSy, kisha simu za bei nafuu zikajaa mitaani. Kwa upande wa mitambo kila kitu kilizidi kuwa rahisi. Mwenye akili angetegemea kuandika nako kuwe rahisi zaidi. Kumbe wapi!

Tuanze na bei. Machi 2018 zilitoka Kanuni za Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta kuhusu maudhui ya mtandaoni. Ukiwa na blogu, au televisheni ya mtandaoni, ulitakiwa uwe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Ada ya maombi shilingi 100,000, leseni ya awali milioni 1, na ada ya mwaka milioni 1. Jumlisha mwenyewe. Ni zaidi ya milioni 2 kabla hujaandika hata "Habari zenu." Wakati huo kima cha chini cha mshahara kwa mfanyakazi wa biashara na viwanda kwenye sekta binafsi kilikuwa shilingi 115,000 kwa mwezi. Maana yake mtu huyo angetoa mshahara wa miezi 18 mizima, asile, asipande daladala, asilipe kodi ya chumba, ndipo apate ruhusa ya kuandika. Na ukiandika bila leseni, adhabu ilikuwa faini isiyopungua milioni 5, au jela miezi 12, au vyote kwa pamoja.

Baadhi ya mashirika ya haki za binadamu na ya wanahabari yalikwenda Mahakama Kuu Mtwara kupinga. Mei 2018 wakapata zuio la muda, lakini mwisho wa mwezi huo huo wakashindwa. Juni 2018 TCRA ikatoa amri, wasiosajiliwa wasimame. JamiiForums yenyewe, na ukubwa wake wote, ikazima kwa muda. Sasa kama wenye ofisi na wanasheria walisimama, mtoto wa Mbagala anayeandika kwa kuibia muda kafe angefanyaje? Alinyamaza tu. Hakuna aliyemfungia, na hakuna gazeti lililoandika kwamba fulani kaacha kuandika. Ndiyo maana nasema bei ni kufuli lisilopiga kelele.

Niwe mkweli, baadaye mambo yalilegezwa kidogo. Kanuni mpya zilikuja mwaka 2020, na marekebisho ya mwaka 2022 yakapunguza ada na kuelekeza leseni zaidi kwa wanaotoa habari na matukio. Ni hatua nzuri, wala sibezi. Lakini hebu niulize, habari ni nini? Nikiandika kwamba bomba la maji mtaani kwetu limepasuka wiki ya tatu sasa na mtendaji kapita pale kwa pikipiki mara nne, hiyo ni habari au ni malalamiko ya jirani? Nikiandika kuhusu bei ya unga, je? Anayeamua siyo mimi. Na pale ambapo mstari hauonekani, mtu maskini anasimama mbali nao kabisa, kwa sababu akikosea hana milioni 5 za kulipa.

Sasa suala la jina. Hili linawahusu hasa nyinyi mlioko kafe. Kanuni zile za 2018 zilisema mwenye kafe aweke kamera ya kurekodi yanayofanyika ndani, aweke daftari la watumiaji, na mteja aonyeshe kitambulisho. Kwenye simu ni hivyo hivyo, kuanzia Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Sikatai kwamba kuna sababu. Nani hapa hajawahi kupata ile meseji ya "hela tuma kwenye namba hii"? Wezi wapo, na laini zisizo na mwenyewe zilikuwa shamba lao.

Lakini daftari linalomkamata mwizi ni lile lile linalomjua mwandishi. Mkumbuke kesi za Maxence Melo wa JamiiForums. Alikamatwa Desemba 2016, polisi wakitaka taarifa za watu walioandika kwenye jukwaa lake, yeye akagoma kuwataja. Aprili 2020 mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani kwa kuzuia uchunguzi, faini milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Huko nje mwaka 2019 alipewa tuzo ya kimataifa ya uhuru wa habari ya CPJ, huku ndani alikuwa anazoea ngazi za mahakama. Binafsi sijui kama ningekuwa na moyo ule. Ila najua kila aliyewahi kuandika kuhusu ufisadi kwa jina la bandia alilala usingizi kwa sababu ya mtu mmoja aliyekataa kufungua mdomo. Usalama wa watu wengi hivyo kutegemea ubishi wa mtu mmoja siyo mfumo. Ni bahati tu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Basi nayo itufikie huku chini. Lile daftari la kafe lenye majina na namba za vitambulisho, linalokaa mezani kila mtu analifunua, linalindwa na nani?

Halafu kuna swichi. Hapa wala sihitaji kueleza sana, wote tulikuwepo. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini, watu wakabaki kuuingia kwa VPN, wakati VPN zenyewe TCRA ilishatangaza Oktoba 2023 kwamba zisajiliwe. Septemba 2025 JamiiForums ikasimamishiwa leseni siku 90. Kisha Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, maandamano yalipoanza, intaneti ikazimwa nchi nzima. Ikaanza kurudi Novemba 3.

Siku zile zilitufundisha jambo moja. Tumezoea kuona intaneti kama kitu cha vijana wa kuchati. Ilipozimwa ndipo tukaona nani anaitegemea. Dada anayeuza vitenge kwa WhatsApp hakuuza. Aliye masomoni Uturuki hakujua kama mama yake yuko hai. Kijana wa kafe alifunga mlango. Na kibaya zaidi, uvumi haukuzimwa. Uvumi ulitembea kwa miguu, nyumba kwa nyumba, ukiongezewa chumvi kila mlango. Kilichozimwa ni uwezo wa kuuhakiki. Wanaosema intaneti huzimwa ili kuzuia uongo watueleze, kwenye giza lile ni nani aliyejua ukweli? Mpaka leo tunabishana ni wangapi walikufa. Picha na ushuhuda wa siku zile ungetoka kwa wakati, labda tungebishana kidogo zaidi kwa ushahidi na kidogo zaidi kwa hasira.

Na neno ushahidi lina historia yake kwenye mambo haya. Mwishoni mwa Desemba 2007, ghasia za uchaguzi zilipoanza Kenya, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Januari 2008 wanablogu wa Kenya, akiwemo Ory Okolloh, wakatengeneza tovuti wakaiita Ushahidi, neno letu hili hili la Kiswahili. Mwananchi anatuma ujumbe kwamba hapa pamechomwa nyumba, pale watu wamekimbia, na taarifa inawekwa kwenye ramani. Programu ile imekuja kutumika nchi nyingi duniani, ikiwemo Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010. Waliofanya hivyo hawakuwa na kituo cha televisheni. Walikuwa na kompyuta na kiu ya kujua.

Lakini nisiwapake rangi majirani. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya andiko la mtandaoni kuhusu ofisa mkubwa wa polisi, akafia mikononi mwa polisi Nairobi. Kwanza ikasemwa alijigonga mwenyewe ukutani. Uchunguzi wa mwili ukaonyesha majeraha ambayo mtu hawezi kujitia. Alikuwa na miaka 31 tu.

Basi mjomba wangu akisikia habari kama hizo ananipigia. Yeye ananiita mjomba kama ninavyomwita mimi. "Mjomba, achana na hayo maandishi. Tafuta hata bodaboda, utaoa, utajenga. Maandishi yatakupeleka pabaya." Namjibu, "Shikamoo mjomba, nimekusikia." Na nimemsikia kweli, siyo kwa dharau. Yule mzee ana hoja kuliko wachambuzi wengi wa redioni. Hajakatazwa na mtu kusema, ila amepiga hesabu: faida ya mpwa wake kuandika ni nini, na hasara ni ipi? Mahesabu hayo yanapigwa kwenye maelfu ya nyumba, na jibu ni lile lile, nyamaza mwanangu.

Sheria inayomtia hofu mzee asiyejua hata kufungua barua pepe imeshafanya kazi yake bila kumpeleka mtu mahakamani. Wakati huo huo Katiba yetu, ibara ya 18, inasema kila mtu ana uhuru wa kutoa maoni, na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi. Sijaona palipoandikwa kila mtu mwenye milioni mbili.

Tufanyeje sasa? Naona mambo matatu. Kwanza, anayefanya biashara ya habari, ana matangazo na waajiriwa, asajiliwe kama biashara nyingine yoyote. Lakini anayeandika mwenyewe, hana mshiko wowote anaoupata, asidaiwe leseni wala ada, awe anaandika kuhusu mapishi au kuhusu diwani. Hilo liandikwe wazi, lisiachwe kwa hisani ya ofisa. Pili, swichi. Kama kweli kuna siku nchi italazimika kuzima, basi iwe kwa amri ya mahakama, itangazwe ni sehemu gani, kwa muda gani, na nani anawajibika. Tatu ni sisi wenyewe. Jamani, tukubali, tunasambaza vitu hatujavisoma. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu taarifa za uongo kwa kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua milioni 5, na kila tunaporusha picha ya Sudan tukasema ni ya Mwanza tunawapa wenye sheria hiyo sababu ya kuikaza. Uliza nani kaona, lini, wapi. Ukikosa jibu, iache ikae kwenye simu yako.

Mimi naendelea kuandika. Nitataja chanzo changu pale kinapotajika, nitamficha pale panapohitaji. Mjomba nitaendelea kumwamkia, na najua ataendelea kunipigia.

Naomba kuwasilisha.