Ada ya msimamizi isipitishwe kwa muhuri tu

Msimamizi wa kampuni iliyozama katika madeni ana haki ya kulipwa. Anakabidhiwa ghala lenye bidhaa zinazooza, wenye majengo wanaodai kodi na wafanyakazi wasioona mshahara kwa miezi. Tunachokataa ni ankara ya mamilioni yenye mstari mmoja: "huduma za kitaalamu".

Nakumatt, msururu wa maduka makuu nchini Kenya, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018. Miaka miwili baadaye wadai walipiga kura ifilisiwe, na matawi sita yaliyosalia yakaenda kwa mshindani wake, Naivas, kwa Sh422 milioni, ilhali madeni yalihesabiwa kwa makumi ya mabilioni. Hatumnyooshei msimamizi wake kidole. Lakini fungu likiwa dogo hivyo, kila shilingi ya ada imetoka mfukoni mwa mtu.

Na mtu huyo anajulikana. Usimamizi ukishindwa na kampuni ikafilisiwa, Sheria ya Ufilisi ya 2015 hutanguliza ujira na gharama za mfilisi, kisha mishahara ya wafanyakazi, nayo ina kikomo cha Sh200,000 kwa kila mmoja. Mkulima wa Kinangop aliyeleta kabichi kwa mkopo, bila dhamana yoyote, yuko mkiani. Akitaka kupinga ada, nauli ya kufika mahakama ya Milimani, Nairobi, na malipo ya wakili vitazidi mgao anaoutarajia. Basi anakaa nyumbani, na kimya chake kinahesabiwa kuwa ridhaa. Hapo ndipo ada nono zinapopitia.

Kwa hiyo jaji anayeombwa kuidhinisha ada asingoje pingamizi. Aulize mwenyewe: nani alifanya kazi gani, kwa saa ngapi, na wadai walipata nini? Mshirika mkuu wa kampuni ya uhasibu akitoza bei yake kwa kazi ya kupanga mafaili, tofauti ikatwe. Saa zilizotumika kuandika madai ya ada zisilipwe na wadai hata kidogo.

Uingereza, tangu Oktoba 2015, msimamizi anayelipwa kwa saa huwapa wadai makadirio kwanza, wala hawezi kuyazidi bila idhini. Sisi tunasubiri nini? Bunge liandike sharti hilo katika sheria. Hadi hapo, msimamizi asiyeweza kueleza saa zake arudishiwe ankara akaiandike upya, na malipo yasubiri.